Sudrabs: Historia ya Jina la Fedha katika Nchi Isiyo na Machimbo

Walatvia, watu wakaao upande wa mashariki wa Bahari ya Baltiki, kati ya Estonia iliyo kaskazini yao na Lithuania iliyo kusini, huiita elementi ya 47 katika jedwali la kemia, ile ambayo sisi twaijua kwa jina la fedha, kwa neno sudrabs. Na neno hili, ingawa latumika kila siku shuleni, dukani kwa masonara na kanisani, lina nasaba ndefu kuliko dola yoyote iliyopata kuitawala nchi ile. Nchi yenyewe haina mgodi wa fedha hata mmoja. Ardhi yake ni mchanga, udongo wa mfinyanzi, mabwawa na misitu, na kila kipande cha fedha kilichopata kuvaliwa na binti wa Kilatvia kililetwa kutoka kwa watu wengine, ama kwa chombo cha bahari, ama kwa mashua ya mtoni, ama kwa gari la kuteleza juu ya theluji. Basi mwenye kutaka kujua neno lilivyofika hana budi kuiandama njia ya madini yenyewe, na tangu mwanzo aweke akilini jambo moja: kwetu neno fedha lachukua madini na pesa pamoja, bali Mlatvia huyaweka mbalimbali, sudrabs likiwa madini, na nauda likiwa pesa, neno ambalo kwa ndugu zao Walithuania lina maana ya faida.

Kabla ya maandiko

Wanazuoni wa lugha wa karne ya 19, walipokwisha kuthibitisha kwamba Kilatini, Kiyunani, Kisanskriti, Kiarmenia na lugha nyingi za Ulaya ni watoto wa mama mmoja, waliona kuwa jina la fedha kwa wengi wa watoto hao latokana na shina moja lenye maana ya weupe na kung'aa: Warumi walisema argentum, Wayunani argyros, Waairishi wa kale argat, Wahindi wa kale rajata. Alama ya Ag, ambayo mwanafunzi wa kemia huiandika pahali popote duniani, ni herufi mbili za jina hilo la Kirumi.

Lakini kaskazini ya Ulaya shina hilo limekosekana kabisa. Mlatvia asema sudrabs, Mlithuania sidabras, Mrusi serebro, Mjerumani Silber, Mwingereza silver, na Wagothi wa kale walisema silubr. Nao Waprusi wa kale, kabila la damu moja na Walatvia ambao lugha yao ilikufa mwanzoni mwa karne ya 18, walisema siraplis, kama ilivyohifadhiwa katika msamiati wa Elbing, orodha ya maneno 800 hivi iliyonakiliwa karibu na mwaka 1400. Mwenye kuyatazama majina haya kwa haraka atasema ni ndugu, na kwa kweli yafanana. Walakini akiyachungua herufi kwa herufi ataona hayazifuati zile kanuni ambazo maneno ya urithi huzifuata bila ya kukosa. Penye r katika Kiprusi pana d katika Kilithuania. Penye l kwa Mjerumani pana r kwa Mrusi. Na Kilatvia peke yake kina sura mbili, sudrabs ya siku hizi na sidrabs ya nyimbo za kale. Mwendo huo si wa neno lililorithiwa kwa mzazi. Ni mwendo wa neno lililopokewa sokoni, kwa masikio mbalimbali na nyakati mbalimbali, kila mpokezi akilitamka kadiri ulimi wake ulivyomwezesha.

Lilitoka wapi, basi? Juu ya hili wanazuoni wamegawanyika. Wengine wameelekeza uso mashariki, katika Iraki ya kale, ambako Waakadi waliiita fedha iliyosafishwa motoni sarpu, kutokana na kitendo cha kuyeyusha madini. Wengine wameelekea magharibi, nao wana hoja nzito: Wabaski wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, ambao lugha yao haina nasaba na lugha yoyote ya Ulaya, huiita fedha zilar, na mwaka 1970, huko Botorrita karibu na mji wa Zaragoza, lilipatikana bamba la shaba nyeusi lenye maandiko ya Wakelti wa Hispania, na ndani yake mlikuwa na neno silabur. Mwaka 2001 wanazuoni wawili wa Kiholanzi, Boutkan na Kossmann, waliongeza ushahidi wa Afrika ya Kaskazini, wakionyesha kuwa Waberiberi huiita fedha azref, na kwamba jina hilo laweza kuunganishwa na yale ya Ulaya zaidi kuliko ilivyodhaniwa zamani. Kwa rai yangu upande wa magharibi ndio wenye nguvu, maana Hispania ilikuwa na machimbo ya fedha yaliyofanyiwa kazi tangu kabla ya Warumi, na silabur ya Botorrita yakaribiana na silubr ya Wagothi kiasi cha kushangaza. Lakini liwe limetoka mashariki au magharibi, wote wanakubaliana kuwa sudrabs ni mgeni aliyekaribishwa zamani sana, kabla hapajakuwa na mtu wa kuandika siku ya kufika kwake.

Na tuseme pia kwamba neno lilitangulia, madini yakafuata. Katika karne za mwanzo za tarehe ya Kikristo makabila ya Kibaltiki, yaani Walatgali, Wasemgali, Waseli na Wakuroni, ambao ndio mababu wa Walatvia, pamoja na Walivi waliokaa nao jirani, walijipamba kwa shaba nyeusi; mikufu yao, bangili zao na vishaufu vyao vya vifuani vilikuwa vya shaba, na fedha ilionekana kwa nadra. Jina walikuwa nalo, ila kitu chenyewe kilikuwa adimu.

Dirhamu juu ya mto Daugava, 800–1000

Mageuzi yaliletwa na watu ambao hawakuwahi kuiona Baltiki. Khalifa Abd al-Malik wa Damascus, alipozigeuza sarafu za Kiislamu mwishoni mwa karne ya 7, akaondoa sura za wafalme na badala yake akaandika shahada na jina la mji na mwaka wa kupigwa kwa sarafu, aliweka kipimo cha dirhamu ya fedha kuwa karibu gramu 3, na kipimo hicho kikaaminiwa kutoka Andalusi mpaka mipaka ya Uchina. Walipokuja Banu Abbas, wakajenga Baghdad mwaka 762, dirhamu zilianza kwenda kaskazini kwa wingi. Na katika karne ya 10 kazi hiyo iliwashukia Wasamani wa Bukhara, ambao machimbo yao ya Asia ya Kati yalilisha nyumba za kupigia sarafu za Samarkand na Shash, mji uitwao leo Tashkent.

Kilichozivuta dirhamu kaskazini kilikuwa biashara. Miji ya Kiislamu ilitaka ngozi za manyoya, nta, asali, kaharabu na watumwa. Watu wa kaskazini hawakutaka ila fedha. Ibn Fadlan, aliyetumwa na Khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad mwaka 921 mpaka kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, aliwakuta huko wafanyabiashara wa Kirusi, akaandika kuwa mtu wao akipata dirhamu 10,000 humfanyia mkewe mkufu mmoja, na akipata 20,000 humfanyia wa pili, hata shingo ya mwanamke ikawa ndiyo daftari ya mali ya mumewe. Kutoka Volga njia ziligawanyika, na mojawapo ilishuka kwa mto Daugava, wenye urefu wa kilomita 1,020, ambao hutoka Urusi, ukapita Belarusi, ukaikata Latvia na kuingia baharini karibu na mahali ulipo mji wa Riga leo.

Juu kidogo ya Riga, ukingo wa kushoto wa mto huo, kipo kilima cha Daugmale, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale katika miaka ya 1930 walifukua ngome na bandari ya mtoni, na ndani yake wakakuta dirhamu za Kiislamu pamoja na sarafu za Ulaya ya Magharibi. Makaburini mwa wanaume wa zama hizo, hasa wa Walivi na Walatgali, zimepatikana mizani ndogo za shaba nyeusi, zenye mkono wa kukunjwa, zilizotiwa katika kibweta cha duara kinachoenea kiganjani, na pamoja nazo vipimo vidogo vya chuma vilivyofunikwa shaba. Mizani hizi zatueleza mengi. Mwenye nayo hakuweza kusoma maandiko ya Kikufi yaliyo juu ya dirhamu, wala hakuwa na haja ya kuyasoma. Kwake sarafu haikuwa sarafu bali ilikuwa uzito. Alipohitaji nusu aliikata nusu, alipohitaji robo aliikata robo, na iliyobaki aliipeleka kwa mfua fedha ikayeyushwa ikawa bangili. Hivyo ndivyo majina ya Baghdad na Samarkand yalivyopotea kwenye moto wa kalibu, na sudrabs likabaki.

Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Gotland, kinachoelekeana na pwani ya Latvia, palifukuliwa mwaka 1999 katika shamba la Spillings akiba ya fedha yenye uzito wa kilo 67 hivi na sarafu zaidi ya 14,000, aghalabu yake za Kiislamu. Na mojawapo, iliyoigizwa na Wakhazari waliofuata dini ya Kiyahudi, imeandikwa kwa Kiarabu kwamba Musa ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Natoa mfano huu, ingawa si wa Latvia yenyewe, ili msomaji aone jinsi bahari ile ilivyokuwa imejaa fedha ya Mashariki.

Kisha mto ukakauka. Mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa ya 11 dirhamu zilipungua uzuri na wingi, dola ya Wasamani ikaanguka, na kaskazini hazikuja tena. Nafasi yake ilichukuliwa na fedha ya Ujerumani, iliyotoka katika milima ya Harz, na peni za Uingereza, na fedha iliyoyeyushwa ikawa vipande virefu vya kupimwa kwa mizani. Kwa mfua fedha wa Daugmale labda badiliko lilikuwa dogo. Lakini kwa historia ya Latvia lilikuwa kubwa, kwani fedha sasa ilitoka magharibi, na aliyekuja nyuma ya fedha hiyo hakuwa mfanyabiashara peke yake.

Riga na marki ya fedha, 1201–1561

Askofu Albert alijenga Riga mwaka 1201, na mwaka uliofuata kikaundwa chama cha wapiganaji wa msalaba, Ndugu wa Upanga. Padri Henry wa Livonia, aliyeandika tarikhi ya vita hivyo katika miaka ya 1220, anahesabu faini, fidia na kodi kwa marki za fedha, na mwaka 1211 askofu aliamuru kwamba sarafu za Riga zilingane uzito na uzuri na zile za Gotland. Tangu hapo mizani ya kukunjwa haikuwa tena mikononi mwa mwenyeji. Makabila yalishindwa moja baada ya moja, na wa mwisho walikuwa Wasemgali, ambao ngome yao mojawapo, ikitajwa na Wajerumani kwa jina la Sidobren na leo ikijulikana kwa Walithuania kwa jina la Sidabrė, iliteketea mwaka 1290. Na msomaji aliyefuata habari hadi hapa hatakosa kusikia jina la fedha ndani yake.

Riga iliingia katika umoja wa miji ya Hansa mwaka 1282, ikatajirika kwa nta, kitani, ngozi na nafaka, na mafundi wa fedha wa mjini, aghalabu yao Wajerumani, walifua vikombe vya makanisa na vya vyama vya wafanyabiashara. Mlatvia alikuwa mkulima, na taratibu akafungwa kwenye ardhi ya bwana wake hata akawa hana ruhusa ya kuondoka. Hayo yalidumu karne nyingi, mabwana wakibadilika, Wajerumani, Wapoland, Waswidi na hatimaye Warusi waliotwaa Riga mwaka 1710, na hali ya mkulima ikibaki ileile.

Dālderis na bizimu

Ni ajabu basi kwamba katika karne hizo hizo za unyonge ndipo neno lilipopata maana zake za juu. Sababu ya kwanza ilikuwa mbali kabisa. Mwaka 1545 Wahispania waligundua mlima wa fedha wa Potosí, katika Bolivia ya leo, na fedha ya Amerika, baada ya kupita Hispania na Uholanzi, iliingia Baltiki kulipia nafaka, mbao na kitani, kwa sura ya sarafu kubwa ambayo Mjerumani aliiita Thaler na Mlatvia akaiita dālderis. Ni jamaa ya ile riale ya Maria Theresa iliyotumika Unguja na mrima wote katika karne ya 19, na kama huku kwetu, iliaminiwa kwa sababu ya fedha iliyomo ndani yake wala si kwa sababu ya mfalme aliyetiwa muhuri juu yake.

Mkulima aliyeipata dālderis hakuwa na benki, wala hakuwa na ardhi ya kununua. Aliipeleka kwa sonara. Kutoka hapo ndipo likaenea pambo liitwalo sakta, bizimu ya kufungia mtandio wa sufu kifuani, na kubwa kuliko zote ni ile burbuļsakta, ambayo aliyeishika mkononi hawezi kuisahau: ni duara pana kama kisahani, lenye tundu katikati na sindano iliyokingama juu ya tundu hilo, na kuuzunguka ukingo mna vichuguu vya fedha vilivyofura, vingine vimebeba juu yake kigae cha kioo chekundu, na kati ya vichuguu pamechorwa maua na majani kwa ncha ya patasi. Uzito wake wavuta kitambaa chini, ndiyo maana mtandio wenyewe hufumwa mzito. Pambo hilo lilikuwa mali ya mwanamke mwenyewe, likatoka kwa mama likaenda kwa binti, na bwana wa shamba, aliyeweza kumwamrisha mumewe alime wapi na lini, hakuwa na hesabu nalo. Fedha ikawa jina la kile ambacho mtu mnyonge alikimiliki kwa haki.

Maana hiyo ilipanda mpaka mbinguni. Katika nyimbo fupi ziitwazo dainas, ambazo wanawake waliziimba harusini, mavunoni, na penye vitanda vya watoto, Jua ni mwanamke tajiri aliyevaa hariri na fedha, wana wa Mungu hupanda farasi wenye matandiko ya fedha, na umande, maji, milango na hata sauti ya mwimbaji hupewa sifa ya fedha, kwa ile sura ya kale, sidrabs. Si kwamba waimbaji waliwaza ghali ya vitu hivyo. Kitu kikiitwa cha fedha katika nyimbo hizi huwa kisafi, hakina doa, kinastahili kuvaliwa siku ya harusi. Na sifa hiyo alipewa yatima kwa wepesi kama alivyopewa tajiri.

Tunajua haya kwa juhudi ya mtu mmoja. Krišjānis Barons, aliyekuwa mwalimu huko Moscow, alifanyiwa mwaka 1880 kabati la mbao lenye watoto wengi, akawa akipokea nyimbo zilizokusanywa na watu wa vijijini na kuzinakili kwa mkono wake juu ya vijikaratasi vya santimita 3 kwa 11, akivipanga kila kimoja mahali pake. Kati ya 1894 na 1915 alizipiga chapa katika majuzuu sita, karibu nyimbo 218,000, na mwaka 2001 shirika la UNESCO likaliandika kabati lile katika daftari la Kumbukumbu ya Dunia. Pasipo Barons na wale waliomletea, sura ya sidrabs ingalikufa pamoja na vikongwe waliokuwa wakiitamka. Badala yake iliingia katika fasihi mpya: mwaka 1905, mwaka wa mapinduzi, mshairi Aspazija alionyesha huko Riga mchezo wake Sidraba šķidrauts, maana yake Shela ya Fedha, ambamo msichana Guna ana shela ya kumwonyesha ukweli, na watazamaji, ambao mitaa yao ilikuwa imejaa askari, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini shela ya ukweli iwe ya fedha.

Neno laingia maabara, 1862–1919

Kwa upande wa elimu mambo yalikuwa na sura nyingine. Utumwa wa ardhi ulipofutwa, katika jimbo la Kurzeme mwaka 1817 na Vidzeme mwaka 1819, watoto wa wakulima walianza kusoma, na katikati ya karne wakatokea vijana walioitwa Walatvia Wapya, walioshikilia kwamba lugha ya mashambani yaweza kubeba elimu yoyote. Kemia ilihitaji majina, nayo yakaundwa kutokana na mashina ya nyumbani: oksijeni ikawa skābeklis, kutokana na neno la ukali wa siki, haidrojeni ikawa ūdeņradis, mzazi wa maji, kaboni ikawa ogleklis, kutokana na makaa, na naitrojeni ikawa slāpeklis, kwa kuwa huzima pumzi na moto. Zebaki ilikuwa na jina lake kabla ya hapo, dzīvsudrabs, fedha iliyo hai, lililofuata Quecksilber ya Wajerumani, ambayo nayo ilifuata Kilatini. Lakini fedha haikuhitaji kuundiwa kitu. Pamoja na dhahabu, chuma, shaba, risasi na bati, iliingia katika jedwali kwa jina lake la kale, bila ya kubadilika hata herufi moja.

Hata hivyo maabara zenyewe zilisema Kijerumani. Chuo cha Ufundi cha Riga, kilichofunguliwa mwaka 1862, ndiko alikofundisha Wilhelm Ostwald, mzaliwa wa Riga aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1909, na ndicho kilichomlea Paul Walden, mwana wa mkulima wa Kilatvia, aliyezaliwa mwaka 1863 karibu na mji wa Cēsis. Walden alifanya jaribio ambalo kila mwanakemia analijua. Alichukua asidi ya maliki, ile iliyomo katika matofaa mabichi, ya aina inayoupinda mwale wa nuru upande wa kushoto. Akaitia dawa ya fosforasi na klorini, ikageuka kuwa kitu kingine. Kisha kitu hicho akakitia oksidi ya fedha yenye maji, na asidi ya maliki ikarudi. Ikarudi, lakini sasa ikipinda nuru upande wa kulia, kama mtu aliyeingia mlangoni na mkono wa kushoto akatoka na wa kulia. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1896, na hadi leo yaitwa mgeuko wa Walden. Elimu ya namna molekuli zinavyogeuka ndani nje ilianzia hapo, na fedha ndiyo iliyofanya kazi. Ila Walden aliandika kwa Kijerumani na Kirusi, na oksidi ile aliyoitumia kijana wa Cēsis haikuitwa sudrabs katika makala yake.

Hali hiyo ilikwisha mwaka 1919, mwaka mmoja baada ya Latvia kutangaza uhuru wake tarehe 18 Novemba 1918, pale Chuo Kikuu cha Latvia kilipofungua milango na kufundisha kemia kwa Kilatvia. Mwaka uleule Walden alihamia Ujerumani, na huko alifariki mwaka 1957. Naye Jānis Endzelīns, mwanazuoni mkubwa wa lugha ile, alikamilisha kati ya 1923 na 1932 kamusi ya majuzuu manne iliyoanzwa na marehemu Kārlis Mīlenbahs.

Binti wa lati tano, 1922–1941

Taifa jipya lilihitaji sarafu, na lats ikaanzishwa mwezi wa Agosti 1922. Sarafu za lati 1 na 2 zilikuwa za fedha, lakini iliyoingia mioyoni mwa watu ni ile ya lati 5, iliyopigwa London mwaka 1929, na tena 1931 na 1932: gramu 25, upana wa milimita 37, na katika kila sehemu 1,000 za uzito wake sehemu 835 zikiwa fedha tupu. Mchoraji wake, Rihards Zariņš, msanii aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha serikali cha kuchapa noti huko Petersburg, aliweka upande mmoja kichwa cha msichana wa Kilatvia, uso umeelekea kulia, ushungi wa kienyeji kichwani na suke la nafaka begani. Na aliyekaa mbele yake ili achorwe alikuwa Zelma Brauere, mfanyakazi wa kiwanda cha kuchapa hati za serikali. Watu waliiita sarafu hiyo Milda, jina la kawaida la wanawake wa nchi ile.

Sarafu hii ilikutanisha mikono miwili ya historia ambayo tangu siku za Daugmale ilikuwa imetengana. Kwa mara ya kwanza fedha iliyotiwa muhuri ilikuwa na uso wa mwenyeji na maandiko ya lugha yake. Wakulima wakaiweka akiba, na wengine hawakuitumia kamwe.

Tarehe 17 Juni 1940 majeshi ya Kisovieti yaliingia. Tarehe 25 Machi 1941, bila ya kuwatangazia watu mapema, serikali mpya iliifuta lats, na akiba za watu zikageuka karatasi siku ileile. Tarehe 14 Juni mwaka huo watu wapatao 15,000 walitiwa katika mabehewa ya mifugo wakapelekwa Siberia. Noti za lats hazikuwa na faida tena, lakini Milda ilikuwa fedha, na fedha haifutwi kwa amri. Basi zikafukiwa bustanini, zikashonwa ndani ya nguo, na masonara wakazitia sindano nyuma zikawa bizimu, kama bibi zao walivyofanya kwa dālderis. Nimepima maana zote ambazo neno sudrabs limepata kuzibeba, na sioni iliyo nzito kuliko hii, kwamba kwa miaka 50 mwanamke aliweza kuvaa kifuani nchi ambayo hakuruhusiwa kuitaja hadharani.

Baada ya 1991

Latvia ilipata uhuru wake tena tarehe 21 Agosti 1991, na lats ikarudi mwaka 1993. Siku hizi sudrabs ni neno la kila mtu: medali ya pili katika michezo, harusi iliyotimiza miaka 25, ambayo huitwa sudrabkāzas, mvi za mzee, na elementi yenye uzito wa atomu 107.87 ambayo huyeyuka inapofika nyuzi 962. Sidrabs imebaki kwa washairi na waimbaji, nao huitumia kwa heshima. Mafundi bado wanafua sakta, na katika sherehe kubwa za nyimbo zinazofanyika Riga maelfu ya wanawake huzivaa, nyingine mpya, nyingine za karne ya 19.

Tarehe 1 Januari 2014 Latvia iliingia katika euro, na uso wa Milda ukatiwa katika sarafu za euro 1 na 2. Sarafu hizo ni za shaba, nikeli na zinki. Sudrabs haimo ndani yake.